Damu Ikigusa Plastiki

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko? Za kazi, za watoto? Sisi tupo. Wifi yako anakusalimu, anasema ukitaka ukweli wa hali yangu umuulize yeye. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kukatizana maneno.

Kidonda cha kifua kimekauka. Mguuni, pale walipotoa mshipa wa kwenda kunitengenezea njia mpya moyoni, panawasha tu. Ngazi napanda bila kushika kifua. Ungedhani nashukuru. Sishukuru.

Jana nilikwenda redioni. Mtayarishaji akaniwekea mechi iliyorekodiwa, akasema, "Haya Cherehani, tushonee!" Unajua jina hilo nimelipataje: miaka yote ya kutangaza, mdomo wangu haujawahi kuachwa na mpira. Mdogo wangu, jana niliachwa. Mpira uko golini, mimi bado niko katikati ya uwanja natafuta jina la beki ambaye nimeshakula naye meza moja. Mtayarishaji akazima mitambo taratibu, akaniuliza kama nataka chai. Chai!

Mimi nilikwenda kutengenezwa moyo. Nani aliwaambia waguse kichwa? Wewe ndiye unayeendesha mashine ya kuzungusha damu kama ile waliyonifunga, huko hospitalini kwenu. Niambie, waliifanya nini damu yangu?

Kaka yako.

12 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kidonda kimekauka. Sisi wazima, ila huyu mdogo ana mafua. Wifi nimeshampigia. Anasema hulali, na mchana unagombana na rimoti.

Umeuliza, nakujibu. Damu maisha yake yote hukaa ndani ya mishipa, na ule utando wa ndani wa mshipa huituliza muda wote, kama mama anayempapasa mtoto mgongoni. Siku ya upasuaji moyo unasimamishwa. Sisi watu wa mashine tunaitoa damu nje, inapita kwenye mirija ya plastiki, inatiwa oksijeni, inarudishwa mwilini. Sasa damu ikigusa plastiki inaelewa jambo moja tu: nimemwagika, mwenye mwili kakatwa. Papo hapo protini zake zinajibandika kwenye mirija, chembe za kugandisha zinashikamana, chembe nyeupe zinaamka kama mtaa uliosikia kelele za mwizi. Tunaipa heparini isigande. Lakini kuizuia isigande si kuizuia isikasirike. Inarudi ndani na hasira zake, mwili unavimba, na huenda hata ubongo unaguswa na ugomvi huo.

Nimesema huenda. Dawa ya usingizi nayo imo, mishipa yako iliyochakaa nayo imo, na hakuna anayeweza kukutenganishia kipi kimefanya nini. Siku hizi mirija hupakwa kitu kwa ndani ili ifanane kidogo na mshipa. Inasaidia, haimalizi. Wengi akili huwarudia baada ya miezi. Wachache hubaki na upungufu. Wewe uko kundi gani sijui, na kutojua huko kunanikera kuliko unavyodhani.

Haya yote nilikueleza wodini kabla hujapasuliwa. Ukaniambia nikupishe, unasikiliza matokeo ya mechi.

Nakuomba usishike maikrofoni mpaka daktari wako aseme.

Mdogo wako.

19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, mtoto apone mafua.

Nilitaka jibu, umeniletea huenda. Mimi nikisema hewani "huenda ni goli," siku hiyo hiyo nafukuzwa.

Fainali ni Jumapili. Mwenzangu tunayepokezana naye kutangaza, yule binti mwenye sauti ya tarumbeta, ameshaambiwa ajiandae kuibeba peke yake. Nimemwambia bosi niko fiti. Daktari anasikiliza moyo, na moyo unapiga vizuri, sasa aseme nini tena? Usinipigie kunizuia.

Kaka yako.

28 Machi

Kaka,

Shikamoo. Simu hupokei, kwa hiyo sijui hata kama salamu zinakufikia.

Tulisikiliza. Niliwaita wenzangu kwenye chumba cha mapumziko, nikajigamba kwamba huyo ni kaka yangu. Mwanzoni ulikuwa wewe mwenyewe, mpaka dereva wa gari la wagonjwa akapiga meza kwa furaha. Kisha ile kona. Ukashangilia goli ukaipa timu isiyofunga. Ukajisahihisha, ukakosea tena. Halafu kimya, nasikia kelele za uwanja tu. Mwishowe sauti ya yule binti: "Naam, msikilizaji, tuendelee." Wenzangu wakatoka mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake.

Nimekukasirikia kwa sababu husikii la mtu. Na kazi yangu pia imenichosha. Juzi damu ya mgonjwa ilikataa heparini. Tunaongeza dawa, kipimo cha kuganda hakisogei, daktari wa upasuaji ananifokea, "Tuanze au tusianze?" na mimi naifokea damu kana kwamba ina masikio. Tulipompa plazma, yale maji ya damu, ya watu wengine ndipo ikalegea. Huyo mama yuko hai, leo ameomba kitana. Badala ya kufurahi, nilisimama pale najiuliza ni kitu gani hatakikumbuka.

Hospitalini kwenu kuna mtaalamu wa kupima kumbukumbu. Nenda. Sikuombi, nakwambia.

Mdogo wako.

20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Wifi anasema redio haiwashwi tena nyumbani. Barua hii haina somo. Niandikie hata matusi.

Mdogo wako.

9 Julai

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Watoto hawajambo? Usinifokee, soma kwanza.

Nilikwenda kwa yule mtaalamu. Ananisomea maneno, nayarudia. Ananipa picha, nazipanga. Siku ya kwanza nusura nimrushie kiti. Sasa anasema kumbukumbu imerudi karibu yote. Kasi ndiyo haijarudi, na hasemi kama itarudi. Naye ana huenda zake. Mmesoma shule moja?

Bosi nimemwambia maikrofoni abaki nayo yule binti. Nilisema nikiwa nimesimama, nikatoka, nikalia kwenye maegesho. Hasira bado ninazo. Naikasirikia hiyo mirija yenu, na sijui kesi nimpelekee nani.

Jumamosi nikakata tiketi kama watu wengine, nikaketi jukwaani juani, karibu na bwana mmoja wa ovaroli mwenye redio ndogo sikioni. Akawa analalamika: "Huyu binti si mbaya, lakini Cherehani ndiye aliyejua kutangaza. Maskini, alikufa."

Nikamuuliza, "Alikufa lini?"

"Walimpasua moyo. Hakutoka."

"Alitoka."

"Wewe umejuaje?"

Nikafungua vifungo vya shati, nikamwonyesha mshono. Akautazama, akanitazama usoni, akazima redio. "Basi nitangazie."

Nikamwambia siwezi tena, mpira unanikimbia.

Akasema, "Mimi miwani nimeisahau nyumbani, sioni kitu. Utaniambia taratibu."

Nikamtangazia kipindi chote cha pili. Muda wote nilikuwa nyuma ya mpira. Goli lilipoingia, jukwaa zima likasimama kushangilia, mimi ndiyo kwanza naeleza pasi iliyolizaa. Yule bwana alibaki ameketi, hakushangilia mpaka nami nilipofika kwenye goli.

Ni mimi kaka yako, ambaye hakufa.