Kadi ya Kezia

Albertville, Alabama
Jumatatu, wiki ya kwanza ya Desemba

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi yote, nikitumaini barua hii itakukuta huko Selma umeketi vizuri, goti limetulia na kile kikohozi kimekwisha. Mimi kwa mwili sijambo. Kiwandani bado niko kwenye mstari wa kukata mapaja ya kuku. Vidole vinakufa ganzi kila jioni, lakini kazi ipo na bima ya matibabu ipo. Wasalimie wanakwaya wenzako, hasa Bibi Ozella, na umwambie keki yake ya viazi vitamu ilifika nzima, nikaila bila aibu yoyote.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu, Mama, hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu unasema, "Ngoja kwanza nikueleze," na tukija kuzinduka mahubiri ya redio yameanza na umeshanikatia. Leo nataka unisikilize mpaka mwisho. Tafadhali keti. Usisome huku umesimama jikoni.

Unamkumbuka Kezia alivyokuwa siku ya Pasaka. Ulikuwepo alipoanguka katikati ya ibada, ukamwekea koti lako chini ya kichwa huku Mchungaji Tolbert akizidi kuomba kwa sauti ya juu. Ulidhani ni kile kifafa chake cha siku zote, nami nikakuacha udhani hivyo. Baada ya hapo kilianza kumshika kila siku, kisha asubuhi na jioni, kisha nikaacha kuhesabu. Shuleni wakamvalisha kofia ngumu kama ya mwendesha pikipiki. Halafu maneno yakaanza kumtoka. Kwanza alisahau jina la paka, akasahau rangi, mwishowe akaacha kuniita. Mtoto wa miaka saba aliyekuwa akimkosoa mwalimu wa shule ya Jumapili kwamba Yona hakumezwa na papa, akawa ananitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikuona wapi.

Daktari wake wa Birmingham alijaribu kila kitu. Hata ile dawa ya maji inayotokana na mmea wa bangi, ile isiyolewesha ambayo inauzwa kwenye maduka ya dawa, tulimpa. Ikamsaidia kidogo, kisha ikashindwa. Siku hiyo daktari alifunga mlango, akaniambia kwamba kuna mafuta mengine yenye ile sehemu ya mmea inayolewesha, kidogo tu, na kwamba baadhi ya watoto wa majimbo mengine hupata nafuu. Yeye hapa Alabama hawezi kumwandikia. "Ningekuwa na mtoto kama huyu," akaanza, halafu akavua miwani na kuifuta, na sentensi hakuimaliza.

Nikamuuliza, si sheria ya kuruhusu bangi ya tiba ilishapita? Ndiyo ile sheria, Mama. Unakumbuka gavana alipoitia saini tulivyocheza jikoni kwako mpaka sufuria ya bamia ikaungua. Tulidhani baada ya miezi michache Kezia atakuwa na kadi yake ya bangi ya tiba mkononi. Kumbe wanaogombea leseni za kulima na kuuza waliburutana mahakamani, na hadi leo hawajamalizana. Dawa hakuna, na kadi hakuna. Nilipiga simu ofisi ya jimbo huko Montgomery mara nyingi mno, hata binti anayepokea akaijua sauti yangu. "Ni Bi Lakendra? Bado, dada yangu. Kesi imeahirishwa tena." Siku moja nikamfokea kwamba kifafa cha mwanangu hakijui kuahirishwa. Akaanza kulia. Nikamwomba radhi, nami nikalia, tukawa watu wawili tusiojuana tunalia kwenye simu ya serikali.

Usinicheke kwa hili linalofuata. Nilipata kwenye mtandao mtu anayedai kutoa kadi kwa wakazi wa jimbo lolote. Nikajibu maswali yake, nikatuma picha ya Kezia, na baada ya wiki mbili ikaja kadi nzuri ajabu, ina jani la kijani na muhuri wa dhahabu. Niliibusu. Nikaomba ruhusa kazini, nikaendesha gari mpaka Pensacola, ng'ambo ya mpaka, kwenye duka la Florida linalouza dawa hiyo. Mlinzi aliigeuza mbele na nyuma, akaniambia kwa upole, "Dada, wamekuingiza mjini. Hii haifai hata kuchokonolea meno."

Bila shaka alinionea huruma, maana nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Akaniletea maji, akanieleza utaratibu wao. Mtoto lazima awe mkazi wa Florida, madaktari wawili wa huko wakubaliane, na mzazi au mlezi halali anayeishi naye huko ndiye anayemchukulia dawa. Akaniuliza kama nina mtu yeyote upande ule. Nikamjibu sina.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mwezi Julai, tukiwa dukani tunachagua mahindi mabichi, kifafa kilimshika na hakikumwachia. Midomo yake ikawa ya bluu. Mwanamke mmoja nisiyemjua alipiga magoti kwenye sakafu pamoja nami, anamwita, "Rudi, kipenzi, rudi kwa mama." Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa hapumui. Walimrudisha, Mama. Alilala hospitalini siku nyingi na mashine inampumulia, na wewe nilikwambia tumekwenda kambi ya kanisa. Daktari alisema safari nyingine huenda wasiweze.

Nilifikiria kuhamia Florida. Lakini nikiacha kazi bima inakatika siku hiyo hiyo, na zile dawa zake nyingine, ambazo akizikosa siku chache tu anaweza kufa, haziko ndani ya uwezo wangu wala wako. Nilituma maombi ya kazi kila mahali huko. Hakuna aliyenijibu. Nikafikiria kununua mafuta ya vichochoroni, nikamkumbuka kijana wa mwenzangu wa kiwandani aliye gerezani kwa bangi kidogo iliyokutwa mfukoni mwake. Mimi nikifungwa, nani atamshika Kezia anapoanguka?

Sasa nakuja kwenye lile ninaloliogopa.

Nilipomwambia yule mlinzi kwamba sina mtu, gari langu nilikuwa nimeliegesha mitaa michache kutoka nyumbani kwa Rodell.

Najua. Najua ulivyomtupia viatu vyake barabarani siku aliyoniacha, na ulivyoapa kwamba jina lake halitatajwa tena chini ya paa lako. Mtu aliyeshindwa kukaa na mtoto anayeanguka, sasa anatengeneza viyoyozi Pensacola na ana mke mwingine. Nilimpigia nikiwa kwenye korido ya hospitali. Alipokea mkewe, Corinne. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nikamweleza kila kitu bila kupumua, na nilipomaliza akasema, "Mlete." Nyuma yake nikamsikia Rodell akiuliza nani huyo, na Corinne akamjibu, "Ni mama wa binti yako, na safari hii hukimbii."

Agosti tulisimama mbele ya hakimu, nikaomba malezi ya Kezia apewe baba yake. Hakimu mwenyewe hakuelewa. Aliniuliza kama ninalewa, kama ninapigwa, kama kuna aliyenilazimisha. Nikamwambia, "Mheshimiwa, kama mwanangu angekuwa mkazi wa upande wa pili wa mpaka, leo usingeniona hapa." Akalifunga faili. Kisha akaridhia, na sauti yake haikuwa ya hakimu tena.

Basi, Mama, kila uliponiuliza yuko wapi mjukuu wako nikakwambia amelala, yuko shule, yuko kwa jirani, alikuwa Florida. Anaishi na Rodell. Kadi yake ilitoka Oktoba, ya kweli safari hii, haina jani wala dhahabu. Mimi nimebaki huku kwa sababu ya bima, yeye yuko kule kwa sababu ya kadi. Kila nikipata Jumapili huwa naondoka kabla ya mapambazuko, nakaa naye saa chache, narudi kuwahi zamu.

Sikukuu ya Shukrani, Novemba, nilitaka kumleta kwako. Nilitaka umwone. Rodell alinisihi, "Kendra, ukivuka mpaka na hiyo chupa ya dawa ukakamatwa, watakuchukua wewe na watamchukua yeye. Bila chupa huwezi kumvusha. Utafanyaje?" Nikamwambia asinifundishe kuwa mzazi. Nikamfunga Kezia mkanda, chupa nikaificha ndani ya soksi yangu, nikaenda. Nilipokiona kibao cha kutukaribisha Alabama nilishindwa kukanyaga mafuta. Nikasimama kando ya barabara. Magari ya watu yalipita yamejaa watoto na vyakula, na mimi nimeshika usukani kama mwizi, na mwanangu yuko nyuma anakula karanga za kuchemsha. Nikageuza gari. Nikamrudisha, nikakudanganya kwamba anaumwa mafua.

Haanguki tena kama zamani, Mama. Wiki nzima inaweza kupita. Kofia wameiweka juu ya kabati. Na jana alisema neno. Tulikuwa mezani, Corinne anamkatia kambare wa kukaanga, Kezia akamvuta mkono wa nguo, akamtazama, akasema, "Mama." Wazi kabisa. Corinne aliachia kisu. Akaniangalia mimi, uso umemjaa hofu, akaanza kumwambia, "Hapana, kipenzi, mama yako ni yule pale." Nikamzuia. Nikamwambia asimsahihishe mtoto anayejifunza upya kusema. Nikaomba nikanawe mikono, nikaenda chooni, nikafungua bomba hadi mwisho ili wasinisikie.

Sijui nililia kwa furaha au kwa nini. Bado sijui. Binti wa Montgomery anasema labda mwakani. Mwaka jana alisema vivyo hivyo. Na hata kadi za huku zikitoka, itabidi nirudi kwa hakimu kumwomba mwanangu, na sijui kama Kezia atakuwa bado ananifahamu kiasi cha kutaka kurudi.

Nikaripie ukitaka, nastahili kwa kukuficha. Ila Krismasi nitapita Selma kukuchukua twende Pensacola pamoja. Vaa lile gauni la kijani analolipenda. Rodell atatoka nje kukupokea, nami nakuomba kwa magoti, mpe mkono. Kama huwezi kwa ajili yake, mpe kwa ajili ya Corinne. Yeye ndiye anayelala sakafuni kando ya kitanda cha mjukuu wako.

Paka anakusalimu, nyumba nzima imebaki yangu na yake. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Lakendra