Nukta Niliyoilazimisha

Jumanne, baada ya alasiri

Nukta moja tu! Leo nimeifungua tena ile skripti yangu ya zamani, programu fupi ya kuchambua majina ya seva, zile kompyuta kuu, kutoka kwenye ripoti za vituo vyetu. Ruwaza niliyoiandika, yaani kanuni ya kutafutia majina, inalazimisha kila jina liwe na nukta. Jina la seva ya Horohoro halikuwa nayo, likaachwa, na ripoti yake haikuhesabiwa.

Nami wakati ule nikamwambia mkuu wa kazi kwamba Mwanaidi, fundi wa Horohoro, hakuleta ripoti. Akafukuzwa kazi.

Sasa maradhi ya kifua yamezidi, siku zangu zimekwisha. Nimempigia simu Mwanaidi, ambaye sasa anaishi Pongwe.

"Shikamoo, kaka."

Nikakiri yote.

"Nilijua siku ile ile," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, kaka. Ukanijibu kompyuta haikosei."

Kweli nilimjibu hivyo, tena mbele ya watu.