Soksi ya mkono niliyoipiga pasi

Shoga, usicheke. Mkono umevimba tena, ule ule wa upande nilioondolewa titi.

Leo yule dada wa mazoezi ya viungo ameivuta soksi yangu ya kubana mkono, ikabaki imening'inia kama ulimi.

"Mama, umeifanya nini hii?"

Nimeifua kwa mkono, nikasema, kwa maji ya vuguvugu kama ulivyoniagiza.

"Halafu?"

Halafu nikaipiga pasi.

"PASI?"

Pasi, shoga! Mimi fundi cherehani, nguo itokeje kwangu na mikunjo? Kila nikiifua, pasi! Mpira wote umekufa, haibani tena, na mimi najisifu ilivyonyooka.

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi machozi yananilenga, maana uvimbe ulishapungua hadi nikaanza kuuona mfupa wa kiwiko. Akanishika bega: "Utapungua tena, mama. Mbona ulipungua mara ya kwanza?"

Sasa nimefungwa bandeji kuanzia vidole hadi kwapani. Mkasi hauniingii. Na gauni la binti yako bado ni kitambaa tu.

Kesho njoo ukate wewe, mimi nitakuelekeza. Najua unakata upogo. Njoo hivyo hivyo.