Kifo Walichonificha

Jumatatu, 1 Agosti 1955
Mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori mchana. Nanenepa kama ndama wa ndani. Mwezi wa pili huu sijavuka kizingiti. Kwetu aliyejifungua hukaa ndani miezi mitatu, analishwa tu. Nderingo ananyonya vizuri, mwanangu mzuri.
Nimerudia hadithi ya Inspekta Tamimu kwenye gazeti la juzi. Mwizi ni nani, sijali. Nampenda Inspekta. Anamvulia kofia muuza ndizi sawasawa na mke wa Mangi, chifu wetu. Na akiingia nyumba ya watu hatafuti kilichopo, anatafuta kilichokoma. Mama mkwe hajui kusoma, namsomea. Leo kauliza, "Na huyo ameoa?"

Jumamosi, 6 Agosti
Baba Nderingo karudi toka mjini bila gazeti. Eti yameisha. Mwenye duka wa Majengo humwekea lake kila wiki! Kichwa kanyoa chote. Hakunitazama. Wamenong'ona na mama yake zizini, muda mrefu.

Jumatatu, 8 Agosti
Mama mkwe kaacha kuimba akiwakatia ng'ombe majani. Kaacha kunitania unene. Majirani anawapokea nje, wanaondoka hata mtoto hawajamwona. Mama yangu Ijumaa hakuja. Leo pia. Hakosi yule.
Nikawaza kama Inspekta: vilivyokoma. Ndipo nikakumbuka kile kichwa. Kwetu wanaume hunyoa hivyo wakitoka kuzika.
Mama yangu amekufa. Wananificha kwa sababu ya maziwa. Anayenyonyesha haambiwi msiba, yasije yakakauka.

Jumanne, 9 Agosti
Yamekauka hata hivyo. Nderingo anavuta, hapati, analia. Nimemwuliza mama mkwe habari za mama. "Kula, mwanangu," akasema, akageuka upesi. Nimeyaona machozi. Basi.

Jumatano, 10 Agosti
Nimetoka. Nilimfunga Nderingo mgongoni nikavuka kizingiti mchana kweupe, nikashika njia ya migombani kwenda kwetu. Mama mkwe kapiga mayowe. Baba Nderingo akanikuta kwenye mfereji. Nikamwambia nataka kaburi la mama.
"Kaburi gani? Mama yako anachuma kahawa. Vibarua wamemkimbia."
"Nani amekufa, basi?"
Akatazama maji. "Inspekta."
Nilikaa pale pale kwenye nyasi. Baba Nderingo alikisikia kifo cha Inspekta kwa kinyozi huko Majengo, gazeti linasomwa kwa sauti. Alikwenda kupunguza nywele tu, akaduwaa hadi wembe ukamaliza kichwa kizima. Akamwambia mama yake hii ni hadithi, mtu huyo hayupo. Mama yake akasema kifo ni kifo, na huyu ananyonyesha. Majirani akawazuia wasije wakaropoka. Gazeti lenyewe Baba Nderingo kalifukia kwenye majani ya ng'ombe.
Jioni mama yangu kaja, mikono inanuka kahawa mbichi. Nimemkumbatia hadi akasema namvunja mbavu. Alipoondoka nikalia upya, na si kwa ajili yake. Nimeshtuka. Namlilia mtu wa kwenye karatasi.

Jumapili, 14 Agosti
Maziwa yamerudi. Mvua ndogo nje. Gazeti la kifo limebaki limekunjwa, hakuna aliyeligusa. Mama mkwe kasema nimsomee lile la kwanza kabisa, hadithi ilipoanza. Nikaanza. Inspekta anashuka kwenye garimoshi, anakung'uta vumbi kofiani, anamwuliza mama mmoja njia.
Mama mkwe akasogeza kigoda karibu.