Msichana Uliyeingia Naye Ghalani

Mama yangu unayepumzika Manyatta,

Kawira alikuja tena Jumamosi, na bado simpendi vile ulivyotaka nimpende.

Unakumbuka alivyoingia kwetu mara ya kwanza. Mmeru mrefu, anasomea udaktari wa kemia, amekumbatia kisanduku cha chupa ndogo kama mtu aliyebeba mayai. Alikuwa akiwaomba wakulima mahindi kidogo apime aflatoksini, ile sumu ya ukungu. Mimi nafundisha kemia shuleni Kaaga. Kwa miaka mingi nilikuwa nikija nyumbani wikendi na kukuambia, "Mama, haya mahindi yameshika ukungu, usipikie watu githeri nayo." Ulipuliza vumbi, ukatoa punje mbaya kwa kidole, ukanijibu, "Nimewalea na haya haya."

Yeye ulimkaribisha chai. Kabla hajamaliza kikombe ulikuwa unamwita mwari wakwa, binti yangu.

Alihitaji giza. Ulitundika blanketi lako dirishani mwa ghala mkaingia wawili, nami nikaambiwa nishike mlango kwa nje, kwa sababu komeo lilikuwa limevunjika. Nikasimama juani na shahada yangu, nikimsikia akikueleza. Ndani ya chupa kuna chembe ndogo kuliko vijidudu, anaziita nukta za kwantamu, na zikimulikwa na tochi ya zambarau hung'aa. Kila chembe ameishikisha rangi inayokaa karibu nayo na kunyonya nguvu yake, ndiyo maana haing'ai. Sumu ikiwepo kwenye mahindi, inaisukuma ile rangi kando. Chembe inabaki na nguvu yake, inawaka kijani.

"Kwa hivyo ikiwaka ni mbaya?" uliuliza.

"Ikiwaka ni mbaya, mama."

Nikasikia tochi ikiwashwa, naye akisema zimewaka, halafu kicheko chako cha chini, kile nilichodhani ulikiacha baba alipofariki. Ulitoka ukaagiza magunia yote yachomwe. Nilikuuliza mbona mimi hukunisikiliza.

"Wewe uliniambia," ulisema. "Huyu amenionyesha."

Na moyo wako uliposimama, kabla hata ya mavuno mengine, akina mama wa kanisa walimkumbatia Kawira kwanza kwa kuwa ndiye alikuwa akilia kwa sauti. Mimi nilikuwa natafutia wageni viti.

Jumamosi alitaka kupima mahindi mapya. Safari hii niliingia naye mimi. Chupa hazikuwaka. Mle gizani nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, ulimpendea nini.

"Alisema wewe ukiongea naye ni kama unasahihisha mtihani."

Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikamuuliza ulisema nini kingine. Tukatoka nikampa chai, akanisimulia mpaka ikapoa: kwamba ulitamani kuwa nesi, kwamba uliona haya kuuliza swali mbele yangu. Hayo sikuyajua, Mama. Kawira ana maneno yako mengi ambayo mimi sina, na wivu huu unaniunguza kuliko ule wa pale mlangoni.

Nimemwambia arudi Jumamosi ijayo. Nitampikia, nitamketisha kwenye kiti chako, na sitamwachilia mpaka ayamalize maneno yako yote.

Pumzika sasa.

Binti yako wa kuzaa