Bibi Alivaa Gauni la Kanisani Kutwanga Mlenda

Jumatano, jioni. Mandewa.

Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi. Na mimi nimechoka hoi. Nikisema nimechoka msidhani natania.

Nasoma mwaka wa kwanza chuoni hapa Singida mjini. Somo la kompyuta tumeambiwa kila mmoja atengeneze kitabu cha picha cha kidijitali: kurasa kumi na mbili, picha upige mwenyewe, uonyeshe kazi moja ya nyumbani kwenu hatua kwa hatua. Mwisho ni Ijumaa. Kazi yako ikikataliwa siku hiyo unarudia somo lote mwakani, jamani, na mimi hata kulifikiria siwezi.

Nilichagua kutengeneza unga wa mlenda, ile mboga yetu ya majani inayoteleza. Mwisho wa wiki iliyopita nilikwenda Mungaa kwa bibi, mama yake mama. Nikampiga picha akigeuza majani aliyoyaanika, akiyatwanga, akichekecha unga wake. Nikarudi mjini najiona nimemaliza.

Kumbe wapi!

Siku tatu nzima nimepigana na ile programu. Ukiweka picha ukurasa wa nne, maandishi ya ukurasa wa tatu yanakimbilia wa tano. Picha ya kinu imelala ubavu. Naizungusha, nahifadhi, nikifungua tena naikuta imelala vilevile. Juzi umeme ukakatika kabla sijahifadhi. Nilikaa tu natazama kioo cheusi, hata machozi hayakuja.

Leo mchana nikampelekea mwalimu. Akafungua kurasa mbili tatu, akauliza mbele ya watu, "Huyu bibi anatwanga mlenda na gauni la satini na kilemba? Umemvalisha ili apendeze. Nilisema kazi halisi. Karudie."

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, ili yaishe.

Lakini sikumvalisha mimi. Siku ile nilimwambia, "Bibi, nataka kukupiga picha za kitabu." Akaingia ndani, akakaa huko weee, akatoka na gauni la Pasaka, kilemba, na viatu vyake vya Jumapili. Bibi ana vitabu viwili tu, Biblia na kitabu cha nyimbo, na vyote anavifunga kwenye kitambaa cheupe. Nilipomwomba avae nguo za kazi akanishangaa kweli. "Niingie kitabuni na khanga iliyotoboka? Wewe una akili?"

Nikampiga hivyo hivyo. Nilikuwa nawahi gari.

Sasa niseme ukweli, maana hapa ndipo ninaposemea. Leo saa kumi nilipakua mtandaoni picha za mama mmoja nisiyemjua, anatwanga na khanga yake iliyopauka. Nikamtoa bibi, nikamweka yeye. Zikakaa vizuri mara moja, wala hazikulala ubavu. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Halafu nikampigia bibi. Sijui hata kwa nini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kitabu kimeisha?"

Nikamwambia bado, mwalimu ana maneno kidogo kuhusu nguo.

"Gauni halikufaa?" akauliza. "Basi ningevaa lile la kijani."

Nimejisikia vibaya mno. Mtu wangu alijipamba kwa ajili ya kitabu changu, na mimi nimemfuta kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Kwa hiyo nimemwondoa yule mama wa watu. Bibi amerudi kwenye kurasa zake zote, na gauni lake lililojaa unga wa mlenda mikononi. Ukurasa wa kwanza nimeandika: "Bibi yangu hatwangi hivi kila siku. Alivaa hivi kwa sababu nilimwambia anaingia kitabuni."

Kinu bado kimelala ubavu. Kilale tu, sina nguvu tena ya kukisimamisha.

Je, mwalimu akikataa tena Ijumaa? Naogopa, sitaki kudanganya. Akikataa, nitarudia somo. Lakini bibi simwambii arudi ndani akabadilishe.