Chapa ya Mkono wa Kuume

Naga Tawadros,
Karibu na Akhmim.
Alhamisi ya Kupaa, tarehe 9 Juni 1910.

Mpendwa dada Labiba,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Omdurman, wewe na wote walio chini ya dari yako. Je, hamjambo? Shemeji Bushra kifua kimemwachia, au bado anakohoa vumbi lile la huko? Fahim yu hali gani? Na Wasila, uliyetuandikia wakati wa Krismasi kwamba ameng'oka meno ya mbele, yameota mengine?

Huku sisi tunapumua. Mama yako, shangazi Tafida, yu hai, na miguu yake bado ina nguvu. Nalitanguliza hilo usije ukaruka mistari kulitafuta jina lake kwa hofu.

Sasa keti, dada yangu, na kama Bushra yuko karibu mwite akae nawe.

Kaka yako Sefein ametutoka. Alifariki Jumamosi tarehe 21 Mei, saa ya adhuhuri, na tukamzika jioni ile ile kando ya baba yako. Karatasi ya mkuu wa kijiji inasema alianguka kutoka darini. Hakuanguka. Aliuawa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwua.

Nilitaka kumtafuta karani akuandikie. Shangazi alikataa. "Karani anajua nini?" akaniambia. "Alikuwapo? Mwandikie Labiba wewe mwenyewe, Ghattas. Uandike yote, halafu unisomee." Basi naandika yote.

Zakher, mtia nguo rangi, utakuwa unamkumbuka: yule mwenye mikono ya buluu mpaka viwikoni. Wakati wa baridi ndui iliingia kijijini. Serikali ikamletea Sefein vile vijichupa vya chanjo, naye akaacha wembe na sabuni, akaenda nyumba kwa nyumba kutuchanja. Dawa ikamwishia mlango mmoja tu kabla ya kwa Zakher. Akamwambia, "Ngoja siku nane, nimeagiza nyingine." Siku ya nane Zakher alikuwa amekwisha wazika binti zake wawili katika kaburi moja.

Sikumwona akilia. Lakini Jumamosi ya Nuru, ile ya kabla ya Pasaka, usiku tunaposomewa Ufunuo kanisani mwanzo hadi mwisho, watu wote walisinzia kama kila mwaka, isipokuwa yeye. Alisimama wima karibu na nguzo mpaka neno la mwisho. Kulipokucha alikaa kwenye mlango wa karakana yake akaanza kutuhubiria.

Katika siku hizo hizo ile nyota yenye mkia ikaanza kuonekana alfajiri juu ya mlima wa mashariki. Bila shaka huko kwenu mliiona pia. Watu waliotoka Akhmim walisema gazeti limeandika kwamba tarehe kumi na nane dunia yote itapita katikati ya mkia wake. Zakher akasema hiyo ndiyo Pakanga, nyota ya kutia maji uchungu, na kwamba mnyama amekwisha pita kijijini akiwatia watu chapa katika mkono wa kuume.

Wewe unajua, Labiba, kwa nini ilikuwa mkono wa kuume. Kaka yako alitumia kushoto. Akimkabili mtu, mkono uliokuwa karibu na kijisu chake cha kuchanjia ni wa kuume. Hakuna sababu nyingine.

Mwanzoni tulicheka. Ghobrial mfumaji alimpigia kelele mbele ya watu, "We Zakher! Mnyama wako ana pembe kumi, Sefein hata nywele kumi hana kichwani!" Naye Sefein, akimnyoa mtu pale ukutani mwa kanisa, akajibu bila kugeuka, "Mnyama wa mwisho wa dunia, ndugu zangu, wangempa angalau punda asiyechechemea."

Kisha maji ya kisima yakageuka. Kila mwaka mto ukipungua huwa yana chumvi kidogo. Nalijua hilo, na wewe unalijua. Lakini mwaka huu mtu alipoyaonja alitema, akatazama juu. Mwanamke mmoja akatupa mtungi wake ukavunjika, akapiga yowe kwamba ni uchungu, ni uchungu. Tangu siku ile sikumsikia mtu akimcheka Zakher.

Jumanne tarehe kumi na saba upepo wa Hamsini ukatuangukia. Nimeuona upepo huo miaka arobaini, ila si kama ule. Saa nne asubuhi jua lilikuwa jekundu kama kidonda, na saa tano halikuwapo. Ng'ombe walilia. Mchanga ulikwaruza milango kama kucha. Tulikusanyika karakanani kwa Zakher, wanaume kwa wanawake, vitambaa puani, na yeye alikuwa amewasha moto.

Alisema, "Kesho vitabu vinafunguliwa. Mwenye chapa hataulizwa jina lake." Motoni alikuwa ameweka chuma, kile cha kuwatia punda alama, ili aiunguze ile chapa ya chanjo ifutike.

Wa kwanza kutoa mkono alikuwa Ghobrial mwenyewe. Alipiga kelele moja, akaanguka, akaamka anacheka na kumsifu Mungu, na harufu ya nyama ikajaa chumbani. Baada yake watu wakasukumana. Wakasukumana, Labiba, kama kwenye mkate wa baraka baada ya ibada. Akina mama walikuja na watoto wakiwa wamewabana kwapani.

Nilikwenda nyumbani kumchukua Irini. Mke wangu Zahiya akauziba mlango kwa mikono miwili. "Baba Irini, una wazimu? Mtoto ana miaka tisa!" Nikamwambia, "Unataka aingie katika ziwa la moto?" Nilimsukuma akaangukia tanuri. Nilimbeba mwanangu katika vumbi lile, naye akiniuliza tunakwenda wapi, nikamwambia tunakwenda kwa Mungu.

Nilimshika mwenyewe. Niliubana mkono wake chini ya goti langu ili asiusogeze. Zakher akaweka chuma. Hakulia kama wengine. Alinitazama tu, kisha macho yake yakapinduka juu.

Irini alipozinduka, Zakher alikuwa ameshatangulia nje. Mtu mmoja alipaza sauti, sijui nani, "Mwenye kuitia chapa bado ana mkono wake!" Tukatoka kama maji yaliyovunja boma. Nilikuwa na Irini begani. Sikumwacha nyumbani, hata hilo silielewi.

Abuna Bakhoum alikuwa amesimama mbele ya mlango wenu, msalaba mkononi, ndevu zote zimekuwa nyekundu kwa vumbi. "Siku ile hakuna aijuaye!" alipiga kelele. "Hata malaika! Ninyi mmeambiwa na nani? Na mtia rangi?" Zakher akamjibu, "Nimeambiwa na wanangu, Abuna. Wewe uliwaombea, wako wapi?" Mzee akauinua msalaba. Wakamsukuma pembeni, akavunjika mkono. Sasa anaubeba kwa kitambaa shingoni.

Mlango ulivunjika kwa pigo la tatu. Sefein alikuwa sebuleni, amesimama, mikono mitupu. Nyembe zake zilikuwa mezani karibu naye na hakugusa hata mmoja. Nilidhani ataomba huruma, au atatulaani. Badala yake akamwona Irini begani kwangu.

"Nani kamfanyia mtoto hivi?" akasema. Kwa hasira, kama alivyokuwa akimgombeza mtu aliyekuja na jipu lililooza. "Ghattas! Mwondoe kwenye vumbi. Maji yaliyochemshwa, umesikia? Yachemshe kwanza. Kitambaa safi, na usimpake matope, wala—"

Ghobrial akampiga jiwe mdomoni.

Nilimweka Irini chini, nikamsaidia Ghobrial. Huu ndio mstari nilioshindwa kuuandika siku tatu. Tulimlaza Sefein kifudifudi kwenye kizingiti, nami nikaketi juu ya mgongo wake. Ghobrial akauvuta mkono wa kushoto. Zakher alikuwa amekuja na mchi wake wa kutwangia nili, ule wa jiwe. Aliupiga mkono ule, kidole kwa kidole, kisha kiganja, kisha kifundo, na kila akipiga alitaja jina la binti yake, huyu kisha yule. Nilihisi kila pigo likipita katika mgongo wa kaka yako na kuniingia mimi. Sikuondoka. Mama yako alikuwa ananivuta nywele kwa nyuma, analia, "Ghattas, mwanangu, ni Sefein, ni Sefein huyu!" Nami nilimpiga kwa kiwiko, shangazi yangu aliyeninyonyesha.

Hatukumwua pale. Watu walishusha pumzi wote kwa mara moja, kama wafanyao watu baada ya kubeba mzigo, na wakaondoka bila kutazamana.

Jumatano tulifunga, tukavaa nguo nyeupe. Tulikaa madarini. Zakher alikuwa peke yake kwenye dari ya karakana, mikono yake ya buluu juu. Upepo ulikuwa umetulia. Tukangoja, na Alhamisi kukapambazuka. Punda wa Ghobrial akalia. Jogoo wakawika. Jua lilikuwa la manjano, safi, kama jua la siku yoyote, na wanawake mmoja mmoja wakashuka kwenda kukanda mkate. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoliogopa jua lile.

Zakher alishuka wa mwisho. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwenu, ambapo ubao ulikuwa umeegeshwa tu. Shangazi akamzuia asiingie. Akabaki nje akasema, "Mama Sefein, sitaki kuingia. Muulize tu. Kama dawa isingekwisha, wangepona?"

Sefein alisikia kutoka kitandani. Mkono ulikuwa umekwisha geuka mweusi na homa ilikuwa imempanda. "Mwambie ndiyo," akasema. "Wangepona. Mwambie niliandika barua mbili kuomba nyingine." Zakher akaketi chini pale pale vumbini, akalia kilio ambacho hakukilia wakati wa baridi. Tangu hapo anakaa karibu na mapipa yake na hatii rangi hata uzi. Watu wanamwachia mkate, wanakwenda zao.

Mimi nilikwenda Ijumaa. Niliingia kwa magoti. Nikamwambia, "Sefein, ndugu yangu, nisamehe." Alinitazama muda mrefu. Midomo ilikuwa imevimba kwa lile jiwe. "Usiniharakishe, Ghattas," akasema. "Nina homa. Yangu na yako yatasemwa mahali pake, na mimi nitatangulia kufika." Kisha akauliza, "Mtoto umemchemshia maji?" Nikasema ndiyo. Akafumba macho. Hayo ndiyo maneno ya mwisho kati yetu.

Dada, maisha yangu yote nilipomsikia Abuna akisoma juu ya kiti kikubwa cheupe na wafu wakisimama mbele yake, niliwaza moto, na pembe, na tarumbeta. Sasa nawaza mtu mmoja tu amesimama pale, mdomo umevimba, ananingoja nimalize njia.

Mkuu wa kijiji alikuja Jumapili na karatasi yake. Alituuliza, "Alianguka?" Wanaume ishirini wakasema, "Alianguka." Mimi nilikuwa mmoja wa ishirini. Kidonda cha Irini kimekauka. Anakula nasi sahani moja, lakini nikinyoosha mkono kuchukua mkate anaurudisha wake nyuma ya mgongo. Zahiya hajazungumza nami ila kwa mambo ya nyumba.

Kesho asubuhi nakwenda Akhmim kwa ofisa. Nitataja jina langu kwanza, kisha la Zakher, kisha la Ghobrial. Ghobrial alijua, akaja kwangu jana. "Utatutia kamba shingoni sote," akaniambia. "Na kwa nini? Atafufuka?" Nikamjibu kwamba atafufuka, ndiyo, na hilo ndilo linalonitoa usingizini. Alitema mate mlangoni akaondoka. Sijui kama nitarudi, wala kama nitakuandikia tena. Usinijibu kama moyo hautaki.

Msalimie sana shemeji Bushra. Msalimie Fahim, na Wasila, na mama mkwe wako bibi Mannah. Abuna Bakhoum anakuombea, na Zahiya anakubusu macho. Bwana awafiche chini ya mbawa zake, awakinge na ndui, na homa, na watu wenye kujua saa ya Mungu.

Binamu yako akupendaye, asiyestahili kuliandika neno hilo,
Ghattas Wanis

Dada, nimemsomea shangazi barua yote, neno kwa neno. Alikaa juu ya mkeka, mikono magotini, hakunikatiza hata pale niliposoma juu ya kiwiko. Nilipomaliza akasema nimeacha jambo. Nikamwuliza jambo gani.

"Alikuwa na njaa," akasema. "Alitoka asubuhi bila kula kwa sababu ya upepo, na aliporudi nilikuwa bado sijaepua dengu. Mwandikie Labiba. Mlimkuta mwanangu ana njaa."